UZI: Wanakuja, wanatupima, wanaandika, wanaondoka. Majibu yanabaki wapi? (Iringa, Njombe, Mbeya)

#1 Binti wa Tukuyu

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita. Nimeona niliweke hapa kwa sababu humu kuna watu wa Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa, na linawahusu. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu.

Mimi ni mdadisi. Kwa wasioijua kazi hii, mdadisi ndiye yule anayepiga hodi kwako akiwa na kishikwambi, ubao wa kupimia urefu begani na mzani mkononi, anakuuliza mnaokula chungu kimoja mko wangapi, paa la bati au la nyasi, maji mnachota wapi, jana mtoto alikula nini. Nimeifanya miaka sita. Nimepanda Kilolo, Makete na Ludewa, nimeshuka Rungwe hadi Kyela.

Mwezi uliopita nilikuwa Kilolo, kijiji cha juu kabisa, pikipiki ilinishusha njiani nikamalizia kwa miguu. Nikamkuta bibi amekaa mlangoni na mjukuu. "Kamwene." "Kamwene, bibi." Nikaeleza nilikotoka, nikamsomea fomu ya ridhaa, akasikiliza yote. Halafu akasema: "Mwanangu, kabla hujapima nikuulize. Wenzako walikuja mwaka juzi, huyu akiwa mchanga wa miezi mitatu. Wakamlaza kwenye ubao kama huo wako, akalia mpaka akatapika. Wakaandika, wakasema asante. Walipata ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ulikuwa mradi mwingine, na hata ungekuwa wetu nisingekuwa nalo. Namba ikishaingia kwenye kishikwambi inapanda mtandaoni jioni ileile, na mimi mwenyewe siioni tena.

Maelekezo yetu ni kupima, kuandika, kushukuru. Siku ile sikuishia hapo. Nilimpima yule mtoto, miaka miwili na mwezi mmoja, sentimita 79.2. Nikamwambia bibi: mvulana wa umri huu anatarajiwa kufika kama 88, akiwa chini ya 82 tunasema amedumaa. Mjukuu wako amepungukiwa karibu sentimita tisa. Bibi akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Akasema, "Mimi nilidhani ana mwili mdogo kama babu yake."

Kisha akaniuliza afanye nini, tukakaa nusu saa tukihesabu. Mama wa mtoto huondoka saa 12 asubuhi kwenda shamba la watu, hurudi jioni. Mtoto anakula mara mbili, uji wa sembe mtupu na ugali na mboga za majani. Kuku wapo, mayai yanapelekwa kuuzwa Ilula. Maharage yapo, yanapikwa jioni mtoto akiwa amelala. Chakula nyumba ile hakikosekani. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba mtoto anahitaji kula mara nne, na kwamba yai moja katika yale yanayouzwa ni lake.

Wengi mnazijua takwimu zetu. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kitaifa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni 57, Njombe na Rukwa kama 50. Mikoa inayolisha nchi. Namba hizi zinasomwa Dodoma na Dar es Salaam, zinaandikwa magazetini, viongozi wanaulizwa maswali. Bibi aliyetoa mtoto apimwe ndiye wa mwisho kuzisikia, na mara nyingi hazisikii kabisa.

Na jambo hili ni la zamani. Kwetu Rungwe, watafiti Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938 wakiandika habari za vijiji vya rika, ambako vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakala pamoja. Babu yangu mzaa baba alikulia katika kijiji cha namna hiyo. Habari za maisha ya wenzake zimo katika vitabu vya Kiingereza vinavyofundishwa vyuo vikuu duniani. Amefariki bila kuviona.

Nauliza: kijijini kwenu wamewahi kurudi kuwaambia walichokipata?

#2 Kilolo Juu

Dada, umenigusa. Kwetu wamekuja mara tatu ninazozikumbuka. Tulipewa sabuni vipande viwili na asante. Hakuna aliyerudi.

#3 Msafwa wa Uyole

Mkuu, uzi mzuri, ila kuna kitu sijawahi kukielewa. Hivyo vipimo vya urefu vimetoka wapi? Kama ni vya watoto wa Ulaya, tutaonekana tumedumaa milele. Kuna makabila warefu na makabila wafupi. Huwezi kumpima Mhehe kwa rula ya Mzungu ukasema ana tatizo.

#4 Binti wa Tukuyu

Msafwa, swali lako ndilo ninaloulizwa sana vijijini na linastahili jibu kamili.

Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu vipimo vilivyotumika vilitokana na watoto wa Marekani peke yao, na wengi wao walinyonyeshwa kwa chupa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani likafanya utafiti mpya kuanzia mwaka 1997 hadi 2003 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Watoto kama 8,500. Walichagua watoto ambao mama zao hawakuvuta sigara, walionyonya maziwa ya mama, waliopata chanjo na chakula cha kutosha. Halafu wakawalinganisha. Mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo, wakilelewa vizuri, walikua karibu sawasawa mpaka miaka mitano. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji uleule, kuliko kati ya nchi na nchi. Vipimo vilivyotokana na hapo, vya mwaka 2006, ndivyo tunavyotumia.

Kurithi ufupi kupo. Ila kunaonekana kwa mtoto mmojammoja. Nusu ya watoto wa mkoa mzima wakiwa chini ya mstari wa udumavu, huwezi kusema ni damu.

Nikuambie pia mahali ambapo kipimo chetu huyumba kweli, maana nami nimeshika ubao. Ni umri. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huongezeka kama sentimita moja kila mwezi. Mama akikosea miezi miwili, mtoto anaweza kuvuka mstari bila kukua hata kidogo. Kadi ya kliniki imeloa mvua, au imebaki kwa bibi yake mwingine. Hapo tunatoa kalenda ya matukio: alizaliwa kabla au baada ya Mwenge kupita? Viazi vilikuwa vimevunwa? Ilikuwa kabla ya Pasaka? Nimewahi kukaa saa nzima Makete natafuta mwezi mmoja wa kuzaliwa. Na mtoto wa chini ya miaka miwili anapimwa amelala, aliyezidi anapimwa amesimama. Ukichanganya hapo umeharibu. Mdadisi aliyechoka saa 11 jioni anaweza kuharibu takwimu za kijiji, ndiyo maana wenye kazi yao hurudi kupima upya baadhi ya nyumba.

#5 Bomani Njombe

Mimi nina donge langu. Kila matokeo ya VVU yakitoka, Njombe tunaongoza. Utafiti wa 2022/23 umetupa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, taifa 4.4. Ukisafiri ukasema unatoka Njombe mtu anakutazama vingine. Binti yangu yuko chuo, wenzake wanamtania. Hayo ndiyo "majibu kurudi"? Kama ndivyo yanavyorudi, bora yasirudi.

#6 Binti wa Tukuyu

Pole sana kaka, na pole kwa binti. Hayo hayajarudi. Yametupwa tu hewani bila maelezo.

Ile 12.7 inahesabu watu wanaoishi na virusi. Mtu aliyeambukizwa mwaka 2005, akaanza dawa, leo analima parachichi na kusomesha, yumo humo. Zamani angekuwa amefariki na asilimia ingeshuka. Kwa hiyo namba kubwa ina habari mbili ndani yake: maambukizi yaliyotokea, na watu ambao dawa zimewaweka hai. Ukitaka kujua hali ya sasa, uliza maambukizi mapya kwa mwaka, na uliza wangapi kati ya wanaotumia dawa virusi vyao vimefubazwa. Haya hayasemwi redioni.

Na tukilinganisha miaka, tukumbuke mipaka. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Ukiweka Iringa ya 2004 kando ya Iringa ya leo, unalinganisha mikoa miwili tofauti yenye jina moja.

#7 Mwana Kyela

Nikiwa darasa la nne kule Kyela kulikuwa na watu wanazunguka nyumba kwa nyumba wanatoa damu. Sijui walikuwa wa wapi. Maneno yakaenea kwamba damu inauzwa nje. Mama alikuwa anatuficha kwenye mashamba ya kakao wakisikika wanakuja. Vilevile na zile dawa za matende, unapimwa urefu kwa fimbo ndiyo unapewa vidonge. Baba akakataa, akasema zinaua uzazi. Sasa nina familia yangu na bado sijui ile damu ilikwenda kufanya nini.

#8 Binti wa Tukuyu

Sijui ni watu gani walifika kwenu, Mwana Kyela, lakini nikusimulie kazi moja iliyofanyika Kyela ninayoijua. Naisimulia kila nikipata nafasi.

Kati ya mwaka 2006 na 2011 watafiti walikuwa wakitembelea maeneo tisa ya mkoa wa Mbeya wa wakati ule, watu takribani 18,000, mwaka hadi mwaka. Damu ikahifadhiwa kwenye barafu. Eneo mojawapo lilikuwa Kyela, ambako unajua joto, mbu na majaruba ya mpunga, na matende na mabusha yalikuwa mengi. Baadaye wakauliza swali ambalo halikuwa na jibu la uhakika duniani: je, mtu mwenye minyoo ya matende anaambukizwa VVU kwa urahisi zaidi?

Wakachukua watu 1,055 wa Kyela ambao mwanzoni hawakuwa na VVU, wakaangalia damu yao ya mwaka baada ya mwaka. Katika muda huo 32 walipata VVU. Kwa wasio na minyoo ilikuwa 0.80 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Kwa wenye minyoo 1.91. Zaidi ya mara mbili, na walioathirika zaidi ni vijana. Watu 32 ni wachache, kwa hiyo ni jambo la kuendelea kulifuatilia, lakini lilichapishwa mwaka 2016 katika The Lancet na madaktari wa dunia nzima walilisoma. Watafiti wanadhani yule mnyoo huamsha chembe za kinga zilezile ambazo VVU huzishambulia.

Sasa fikiria vile vidonge ambavyo baba alivikataa. Angeambiwa kwamba damu ya majirani zake imeonyesha jambo hili, kwamba kumtibu mnyoo huenda kukamkinga kijana wake na mengine, angekataa? Mimi naamini asingekataa. Uvumi wa damu kuuzwa huota mahali ambapo maelezo hayakufika.

#9 Mwana Kyela

Ndaga fijo, dada. Nampigia mama leo usiku.

#10 Mstaafu wa Ismani

Wanangu, shikamooni ninazipokea. Nimesoma uzi wote kwa miwani na simu ya mjukuu. Mnazungumza kana kwamba jambo la kurudisha majibu halijawahi kufanyika. Lilifanyika hapahapa Iringa, na mimi nilikuwemo.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe Iringa, wa serikali yetu pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, fedha zikitoka Italia. Walianza na vijiji 168. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, nimemaliza darasa la saba, nikapewa mafunzo na baiskeli.

Kila miezi mitatu ilikuwa Siku ya Afya ya Kijiji. Mzani unaning'inizwa kwenye tawi la mti au boriti ya ofisi, mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa, anapimwa uzito. Kadi ilikuwa na rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Mama hakuhitaji kujua kusoma. Aliona nukta ya mwanawe imeangukia wapi, palepale, mtoto akiwa bado ananing'inia. Jioni tunahesabu. Kesho yake hesabu inakwenda kwa serikali ya kijiji, ndipo inapanda kata na wilaya. Kijiji kilikuwa cha kwanza kujua.

Halafu ndiyo yalikuwa mazungumzo. Mwenyekiti anauliza: msimu uliopita nyekundu walikuwa wanne, sasa saba, kwa nini? Watu wanasema. Mwezi wa kupalilia, akina mama wako shambani kutwa. Basi tunafanyaje? Kijiji chetu kilianzisha mahali pa kulishia watoto wakati wa palizi, kila nyumba ikachangia mahindi, maharage na karanga, akina mama wawili kwa zamu. Wenyewe wakubwa waliiita tathmini, uchambuzi, utekelezaji, kisha unarudi tathmini tena. Sisi tuliita kupima na kuulizana.

Katika vile vijiji, watoto wenye uzito pungufu walikuwa zaidi ya nusu tulipoanza, na baada ya miaka michache wakawa chini ya asilimia 40. Waliokuwa hali mbaya kabisa walipungua zaidi. Na ule mchoro maarufu wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoonyesha utapiamlo una sababu za karibu, za kati na za mizizi, ambao wanafunzi wa lishe wanaukariri duniani kote, ulikuzwa na mafunzo ya Iringa. Mizizi yake ni mikutano yetu ya chini ya mti.

#11 Msafwa wa Uyole

Shikamoo mzee. Nimejifunza kitu leo, nakiri. Ila niulize kwa heshima: kama ilifanya kazi namna hiyo, mbona leo Iringa ndiyo ya kwanza kwa udumavu?

#12 Mstaafu wa Ismani

Marahaba mwanangu. Umeuliza penyewe. Sisi tulipima uzito, hatukupima urefu. Tuliwaokoa waliokuwa wanakonda hadi kufa. Mtoto anaweza kuwa na uzito unaoridhisha kwa kimo chake, mashavu yamejaa, na kumbe kimo chenyewe kimebaki nyuma. Hilo hatukuliona kwa sababu mzani hauonyeshi kimo. La pili, mpango ulipanuliwa kwenda mikoa mingine, wafadhili wakaondoka, kwetu siku za afya zikapungua, wahudumu tukazeeka. Siwezi kusema ndiyo sababu yote. Nasema ninachokijua kwa kijiji changu: mkutano wa kuulizana ulipokufa, nyekundu haikuwa tena habari ya kijiji. Ikawa siri ya mama na nesi.

#13 Mama Wawili

Mimi naona hatari upande wa pili. Mwanangu wa kwanza alikuwa na uzito mdogo, nilisemwa kliniki mbele ya wenzangu mpaka nikaacha kwenda miezi minne. Mkisema majibu yasomwe mkutanoni, mama maskini ndiye atakayeaibishwa. Na VVU je? Msisahau hilo.

#14 Binti wa Tukuyu

Mama Wawili, asante. Hili ndilo lingeharibu kila kitu kama lisingesemwa, na pole kwa ulichopitia.

Majibu yana wenyewe wawili. Kipimo cha mtoto ni cha mama na mtoto, kinasemwa kwa sauti ya chini, nyumbani au chumbani, kwa maneno ya kumsaidia. Hesabu ya jumla ni ya kijiji, haina jina la mtu. Na pale ambapo kijiji ni kidogo kiasi kwamba ukisema "mmoja" kila mtu atajua ni nani, husemi. VVU haiguswi kabisa kwa ngazi ya kitongoji. Hiyo majibu yake ni ya mtu mwenyewe na mtaalamu.

#15 Mstaafu wa Ismani

Hata sisi hatukusoma majina. Tulisoma idadi.

#16 VEO Makete

Nimekuwa nikifuatilia kimyakimya. Mimi ni mtendaji wa kijiji. Watafiti wakija wanapitia kwangu, nagonga muhuri barua zao, nawapa mwenyekiti wa kitongoji awatembeze. Miaka yote sijawahi kuwauliza watarudi lini. Kosa ni langu pia. Swali: nikitaka kuanza na kijiji changu bila kusubiri mradi, natumia nini? Sina kishikwambi, nina zahanati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawili na ubao mweusi wa shule uliokwisha kutumika.

#17 Binti wa Tukuyu

Mtendaji, umenipa nguvu. Hivyo ulivyonavyo vinatosha kuanza.

Zahanati inapima watoto kila mwezi na rejista ipo. Mwombe mganga mfawidhi jumla tatu tu: waliopimwa wangapi, walio chini ya mstari wa uzito wangapi, wa urefu wangapi. Kama urefu hawapimi, uliza kwa nini, mara nyingi ubao wa kupimia umevunjika au umefungiwa stoo. Andika kwenye ubao mweusi robo hii, acha nafasi ya robo ijayo pembeni yake. Mkutanoni usianze na lishe. Anza kama mzee alivyosema: hizi ndizo namba zetu, kwa nini? Kisha nyamaza. Akina mama waketi mbele, maana wakiketi nyuma wanaume watajibu wao.

Na kwenye barua za watafiti, kabla ya muhuri, omba waandike tarehe watakayorudi na nani atakayerudi. Waliokwenda kuomba kibali cha maadili walishaulizwa namna watakavyowapa watu majibu, kwa hiyo humwombi mtu hisani.

Mimi ratiba yangu inanirudisha Kilolo mwezi ujao. Nitapita kwa bibi.

#18 VEO Makete

Mkutano wetu wa robo ni wiki mbili zijazo. Nimeshaongea na mganga jioni hii. Ubao wa kupimia urefu ulikuwa stoo, nyuma ya magunia ya chokaa. Kesho tunautoa.

#19 Kilolo Juu

Dada, ukija huku niambie siku. Nina pikipiki, nitakupandisha mpaka mlangoni kwa bibi.